Kwa Naserian, Kabla Hujafika kwa Sokwe wa Msituni

Naserian, mwanangu,

Nimekaa jikoni kwenye kile kiti cha baba yako chenye mguu mfupi, ninakuandikia kwa mkono wa kushoto. Jua bado liko juu ya vilima. Sokwe wamekula, wameingia vyumbani mwao, na baba yako ameenda Kitengela kujaza gari mafuta ili kesho tusisumbuke njiani. Wewe uko chumba cha pili unapanga nguo. Ningeweza kuja nikae kitandani pako nikuambie haya kwa mdomo, lakini tunajuana. Utasema, "Mathe, tutaongea tu," nami nitakuuliza kama umebeba sweta, na yote niliyokuwa nayo moyoni yataishia kwenye sweta.

Kwa hiyo sweta, dawa za malaria na pasipoti nimemwachia baba yako. Mimi nataka kukuambia mambo mengine. Mengi uliyaona kwa macho yako, lakini uliyaona ukiwa mtoto, na mtoto huona miguu ya mambo tu, vichwa havioni.

Koplo alikuja kabla yako. Nilikuwa nimeolewa hapa karibuni, na kazi yangu ilikuwa kufua matambara na kupika uji wa wanyama. Mahali hapa palikuwa pa Daktari, yule mzee wa mifugo aliyepewa kipande hiki cha ardhi na babu yako. Alikuwa anatunza nyani na tumbili waliogongwa na magari kwenye barabara ya Namanga. Sokwe hakuwa katika mawazo ya mtu yeyote. Sokwe si mnyama wa nchi hii. Halafu mchana mmoja askari mwenye cheo cha koplo akashuka getini na kasha la mbao, la kubebea nyanya, limefungwa kwa waya.

"Mama, huyu tumemtoa kwenye lori kule mpakani," akaniambia. "Hatuna mahali pa kumuweka. Wenzetu wa wanyamapori wamesema tulete hapa."

Daktari alikata waya. Ndani mlikuwa na mtoto wa sokwe, mkubwa kama mtoto wa binadamu wa miezi sita, ameshikilia kipande cha gunia kwa mikono yote miwili. Nywele zilikuwa zimemtoka mgongoni. Hakulia. Daktari alimtazama kwa muda, kisha akaniambia kwa sauti ya chini, "Huyu alibanduliwa mgongoni kwa mama yake. Na sokwe jike hamwachilii mtoto wake mpaka auawe." Nilikuwa na mimba yako wakati huo, haijaanza kuonekana. Niliingiza mikono kwenye kasha, naye akaliacha gunia akashika nguo yangu.

Hakuiachia tena. Nilipika naye, nilifua naye, chooni nilienda naye. Baba yako alikuwa akirudi kutoka kwa ng'ombe anamkuta amenikumbatia, anasema, "Sasa mimi nilale wapi?" Tulimwita Koplo kwa sababu ya yule askari, na pia kwa sababu ukimchelewesha chupa alikuwa anakutazama kama mtu mwenye cheo.

Ulipozaliwa nilikuleta nyumbani nikiwa na hofu. Koplo alikuja akanusa kichwa chako, akagusa sikio lako kwa kidole kimoja, akakaa. Tangu siku hiyo nilikuwa nawabeba wawili, yeye mgongoni na wewe kifuani. Watu walinishangaa, wengine walinicheka. Mimi nilikuwa na furaha ambayo siwezi kuieleza, hata kwa uzee huu. Lakini furaha hiyo ilinifundisha jambo la uongo, na ilinichukua miaka mingi kugundua. Ilinifundisha kwamba ukimpenda kiumbe vya kutosha, mtaelewana.

Wengine wakaletwa. Mmoja alitoka kwenye hoteli alikokuwa amefungwa mnyororo karibu na bwawa la kuogelea, amezoeshwa kuvuta sigara. Mwingine alitoka nyumbani kwa tajiri aliyemchoka. Daktari akazeeka, akarudi kwao Machakos, akatuachia mimi na baba yako funguo zote. Nami, kwa kuwa sikuwa na digrii ya kujiegemeza, nikaegemea sheria. Mtu yeyote asiingie chumbani kwa sokwe aliyebalehe, hata awe nani. Milango ifungwe miwili miwili. Na ile uliyoijua kuliko zote: mtu mwenye mafua asikaribie, kwa sababu kikohozi ambacho kwetu ni cha siku mbili, kwa sokwe ni kaburi.

Sheria ilikuwa sahihi. Hata kule Kameruni unakoenda kufanya kazi utaikuta imebandikwa ukutani, na uifuate. Lakini ona nilivyoitumia. Ukipiga chafya asubuhi, kabla ya saa nne nguo zako ziko kwenye mfuko na wewe uko juu ya pikipiki, unapelekwa kwa Koko wako, mama wa baba yako, kule Mashuuru. Sikukuwekea mkono kwenye paji la uso nione kama una joto. Nilikuwa nakufungia leso, nakwambia, "Ukipona utarudi." Watoto wengine wakiugua hupelekwa kwa mama zao. Wewe ukiugua ulikuwa unaondolewa kwa mama yako.

Koko alinionya. Siku moja aliniambia kwa Kimaa, lugha ya kwao, nami wakati huo nilikuwa nimeshakijua vizuri, "Mke wa mwanangu, huyu mtoto akifika kwangu hulala siku nzima, halafu anauliza kama amepona. Anauliza kabla hajanywa maziwa." Nilimjibu kwamba tunafanya hivyo kuokoa maisha. Alichukua fimbo yake akatoka nje. Nilidhani nimeshinda.

Ndipo ulipojifunza kuficha kikohozi. Nilikuja kuyajua haya baadaye, kutoka kwa baba yako, kwamba ulikuwa unaenda nyuma ya tangi la maji, unajaza mdomo na mkono wa sweta, unakohoa, unapangusa macho, unarudi mezani. Ulikuwa darasa la tatu.

Mwaka huo Chapati, mtoto mwingine wa sokwe, alikuwa ameletwa. Jina ulimpa wewe, kwa sababu sura yake ilikuwa mviringo na nyeupe kama walivyo wote wakiwa wadogo. Alikuwa dhaifu, lakini akikuona alikuwa anapiga midomo yake pamoja, ile sauti yao ya kufurahi. Nilikuruhusu umpe chupa jioni. Ulikuwa unatoka shule mbio, vumbi mpaka kwenye nyusi, unanawa mikono mara mbili bila kuambiwa. Sijawahi kuona mtu akifanya kazi kwa heshima namna ile.

Chapati aliugua siku ya Alhamisi, akafa Jumapili watu wakiwa kanisani. Nilikuwa nimempakata. Wafanyakazi walikuwa wamesimama mlangoni, baba yako pia, na wewe ulikuwa katikati yao. Niliuliza bila kumtazama mtu, "Nani aliingia humu akiwa na kikohozi?"

Kisha wewe ukasema, "Ni mimi, Mama."

Naserian, nimeirudia siku hiyo kichwani mara nyingi kuliko siku ya harusi yangu. Kulikuwa na maneno mengi ningeweza kusema. Daktari mwingine wa mifugo aliyekuja kumpasua alituambia kwamba mapafu yake yalikuwa yameharibika tangu safari ya kwenye kasha, na kwamba huenda ni mafua, huenda siyo, hakuweza kuapa. Lakini hiyo ilikuwa Jumatatu. Jumapili sikusema kitu. Niligeuka nikakupa mgongo, nikaendelea kumpakata Chapati. Ndivyo nilivyokujibu.

Jioni ulimwambia baba yako akupeleke Mashuuru. Hukuwa na mafua. Alikupeleka. Nilisimama getini nikaona gari linaishia kwenye vumbi, nikajiambia utarudi wiki ijayo. Wiki iliyofuata hukurudi, wala iliyofuata. Koko akakutafutia nafasi kwenye shule ya kule. Mimi nikasema labda ni afadhali, kazi ni nyingi. Mtu anaweza kujiambia jambo kama hilo huku anakoroga uji, na uji ukaiva vizuri tu.

Sasa nikusimulie habari ya mkono, maana hii watu wa soko la Kitengela wanaisimulia kwa namna yao, na wewe hujawahi kuisikia kutoka kwangu yote.

Koplo alikuwa amebalehe. Mabega yake yalikuwa yamejaa, na nguvu zake hakuna mwanamume wa kaunti hii ambaye angezimudu. Ilikuwa asubuhi, nilikuwa nafagia upande wa nje. Sikuwa nimelala vizuri tangu uondoke. Koplo alikuja kwenye wavu akakaa, akatoa mkono wake kwenye tundu la kupitishia chakula, kiganja juu. Ndivyo wanavyoombana faraja. Nilimshika. Halafu nikataka zaidi. Nilitaka kukumbatiwa na mtu ambaye hakuwa amenikasirikia. Nikachukua ufunguo kutoka kiunoni, nikafungua mlango wa kwanza, nikafungua wa pili, nikaingia.

Alinikumbatia. Nataka ulijue hilo, kwa sababu watu hulisahau. Alinikumbatia, nami nikafunga macho. Kisha upande wa pili madume wengine wawili wakaanza kupigana, ndoo ikaanguka kwa kishindo, Koplo akashtuka, na kitu kilichokuwa karibu zaidi na meno yake kilikuwa mkono wangu wa kulia. Sikusikia maumivu. Nilisikia sauti. Baba yako alikuja na mpira wa maji, akamfukuza kwa maji, akanivuta nje kwa miguu.

Hospitalini Kajiado walinishona wakaniambia vidole vitatu havipo. Kesho yake baba yako alikaa kando ya kitanda, shati lake likiwa bado na damu. Aliniambia, "Ndugu zangu wanataka nimuue. Nilitoka asubuhi na mkuki."

"Umemuua?"

"Nilifika kwenye wavu. Yuko kwenye kona, hataki kula. Nilikuwa nimeshaamua." Akatazama dirishani. "Halafu nikakumbuka uliingia mwenyewe."

Hajawahi kusema zaidi ya hapo. Nilimkasirikia kwa siku kadhaa. Nilitaka anihurumie kwanza. Lakini alikuwa amesema ukweli wote ulivyo, na kwa ukweli huo Koplo akaishi. Nilikuwa nimeivunja sheria niliyoiweka mwenyewe, kwa sababu niliamini kwamba mgongo uliombeba ulikuwa unamdai kitu. Hakuwa na deni kwangu. Nilimbeba kwa sababu alihitaji kubebwa, na ilipoisha haja hiyo, ilikuwa imeisha.

Siku iliyofuata nilifungua macho nikakuona. Ulikuwa umesimama kwenye mlango wa wodi, na Koko nyuma yako na fimbo yake. Wagonjwa wengine wote walikuwa na watoto wao wamekaa vitandani, wanakula ndizi. Wewe ulikuwa umeziba mdomo kwa mkono wa sweta, na macho yako yalikuwa mekundu. Nesi alikuwa anakwambia uingie nawe unatikisa kichwa.

Nikakuita.

"Mama, niko na homa," ukasema kupitia kwenye sweta. "Niko na kikohozi pia. Nilikuja tu nikuone kutoka hapa."

Watu walikutazama. Mama mmoja wa kitanda cha pili akacheka, alidhani ni haya ya mtoto. Mimi nilijua ni nini. Ni mimi niliyekufundisha kusimama pale.

"Ingia," nikasema.

"Nitakuambukiza."

"Niambukize, nkerai ai, mwanangu. Njoo uniambukize."

Ulikuja polepole, hatua kwa hatua, kama mtu anayekanyaga sakafu iliyopigwa deki. Ulipofika nilikuvuta kwa mkono uliokuwa mzima nikakuweka kitandani, na kwa mara ya kwanza tangu ujue kutembea, nilikushika paji la uso ukiwa unaumwa. Lilikuwa moto kama sufuria. Ulikohoa kifuani pangu mpaka ukalala. Nilikwambia kuhusu mapafu ya Chapati ukiwa umelala, kisha nikakwambia tena ulipoamka, kwa sababu mara ya kwanza nilikuwa najituliza mwenyewe. Ulinisikiliza. Uliniuliza swali moja tu: "Alikuwa anajua ni mimi nampa chupa?" Nikasema ndiyo, alikuwa anajua. Hilo ninaweza kuliapia popote.

Ulirudi nyumbani na mimi. Ni wewe ulinisuka nywele miezi ile, ni wewe ulinifungia vifungo, ni wewe ulinishikia daftari kuukuu nikijifunza kuandika upya. Ulizicheka herufi zangu. Nilikipenda kile kicheko.

Koplo je? Nilipopata nguvu nilienda kwenye wavu na ndizi. Nilikuwa nimejiandaa kusamehe, nimevaa hata leso ile ya zamani niliyokuwa nikimbebea. Alinitazama mara moja, akageuka, akanipa mgongo. Nilirudi kesho yake, na keshokutwa. Hadi leo hajanitazama tena. Baba yako, aliyetoka na mkuki, ndiye anayekaa naye jioni, kila mmoja upande wake wa wavu, wakitazama magari ya Namanga kama wazee wawili waliostaafu. Mimi humpikia uji. Humpikia vizuri. Nimekuja kuona kwamba naweza kumtunza kiumbe asiyetaka kuniona, na kwamba siku ninazofanya hivyo ndizo ninazoamini kwamba kazi hii ninaijua. Ilikuwa rahisi mno alipokuwa mgongoni.

Utakapofika kule watakuonyesha watoto waliotolewa kwenye masanduku. Mmoja wao atashika nguo yako. Mbebe. Mbebe bila kujizuia, usijifanye mgumu kwa sababu ya haya niliyoandika. Ila mtazame tangu siku hiyo kama mtu atakayekuwa na mambo yake. Kule uendako kuna msitu, siyo kama hapa ambapo tunawalea wakimbizi kwenye udongo mweusi, majengo mapya yakitusogelea kila mwaka na mabati yao. Sisi hatujawahi kumrudisha hata mmoja. Kila tuliyempokea atafia mikononi mwetu, na hilo limenikaa kifuani kwa miaka. Wewe siku moja utafungua mlango, sokwe atapanda mti, ataenda, na hatageuka. Ikikuuma, uiache ikuume. Ina maana mlifanya kazi yenu.

Najua unakumbuka nilivyopinga ulipotaka kusomea afya ya wanyama. Nilikwambia ualimu, nikakwambia ofisi za kaunti pale Kajiado, kazi ya kiti na kivuli. Ulinijibu, "Mathe, wewe mwenyewe hungeweza kukaa kwenye kiti." Nilikasirika wiki nzima. Kweli niliogopa mkono wako. Kila nilipokuona unashika kalamu niliogopa. Lakini kulikuwa na hofu nyingine ambayo sikuitaja: kwamba unachagua kazi hii ili ulipe kwa ajili ya Chapati. Kama kuna hata kijiko kimoja cha hilo ndani yako, liache hapa. Hakuna mtu anayekudai. Ukifika kule ukagundua kwamba hupendi harufu yao, wala kelele zao, wala mvua isiyokoma, wala kuamka kila siku kwa ajili ya wasioweza kukushukuru, rudi ukauze viatu Kitengela. Nitakuja kununua.

Umenipitia sasa hivi hapa jikoni ukichukua kamba ya kufungia sanduku. Umeniuliza, "Unaandika nini, Mama?" nikasema, "Orodha ya sokoni." Umetazama ukurasa wa tatu umejaa, ukatabasamu, ukaenda. Asante kwa kuniachia uongo wangu.

Nalisikia gari. Mchana, kabla hajaondoka, nilimuuliza baba yako kama ana neno la kukuandikia. Unamjua. Alifunga kamba za buti zake, akazifungua, akazifunga tena. Alipofika mlangoni akasema, "Mwambie wengi wanajua kurudi nyumbani wakiwa wamefaulu. Yeye arudi hata akiwa ameshindwa. Mwambie mimi nitakuja kumchukua uwanja wa ndege vilevile, na gari limeoshwa."

Basi hilo ndilo neno letu sote wawili. Ameingia sasa, anauliza kama chai ipo, na wewe unamwita aje akukalie juu ya sanduku lifungike. Ninakuja kuwasaidia.

Mimi,
Mama yako